Ukuta wa inchi tisa: nyumba ya tofali ya zama za Malkia Victoria inavyolowa na inavyokauka

Simama mbele ya nyumba yoyote ya safu ya London iliyojengwa kati ya 1850 na 1900, sogelea ukuta mpaka uone chembe za mchanga kwenye viungo, kisha soma kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali, kuanzia kushoto. Refu, fupi, refu, fupi. Lile fupi si kipande. Kwa kawaida ni tofali zima lililolazwa kuelekea ndani, kichwa kimoja kikitazama barabarani na kingine kikiwa sebuleni, nyuma tu ya lipu. Mpangilio huo mafundi wa Uingereza huuita wa Kiflemishi. Ukiuona, ujue ukuta una unene wa urefu wa tofali moja, inchi 9, kama milimita 225, na katikati hakuna uwazi wowote. Nyumba za baadaye, zenye kuta mbili na nafasi ya hewa kati yake, huonyesha matofali marefu peke yake.

Maana yake ni kwamba mvua inayopiga uso wa nje inalipiga tofali lilelile linaloshika lipu ya chumbani. Mjenzi wa wakati ule alilijua hilo na hakulihangaikia sana. Hakujenga nyumba isiyopitisha maji. Alijenga nyumba inayokunywa maji kidogo wakati wa mvua na kuyatoa jua na upepo vikirudi. Viungo vya chokaa, lipu ya chokaa, mianya ya sakafu na moto wa makaa ya mawe vyote vilifanya kazi hiyo moja. Magonjwa mengi ya nyumba hizi leo yameanza siku mtu alipoziba mojawapo ya njia hizo akidhani anaikarabati. Na si nyumba chache: karibu moja kati ya tano nchini Uingereza ilijengwa kabla ya 1919.

Kodi, sheria na punje ya pilipili manga

Sura ya nyumba hii imetoka serikalini kuliko ilivyotoka kwa wasanifu. Baada ya moto mkubwa wa 1666, sheria ya mwaka uliofuata iliagiza kuta za nje za nyumba za London ziwe za tofali au jiwe. Mwaka 1709 fremu za madirisha zilitakiwa kurudishwa ndani inchi 4 kutoka uso wa ukuta ili moto usirukie mbao kirahisi, na sheria ya 1774 ikataka sanduku la mbao la dirisha lifichwe nyuma ya tofali. Kile kivuli kizuri kinachozunguka dirisha la London, ambacho watu hukisifia kama urembo, ni kanuni ya zimamoto.

Kisha kodi. Tofali lilitozwa kodi kuanzia 1784, kwa idadi, na wachomaji wakajibu kama mfanyabiashara yeyote angejibu: wakafyatua matofali makubwa zaidi. Serikali nayo ikayatoza makubwa maradufu. Kioo kilikuwa na ushuru wake, madirisha yakawa na kodi yake ya kuhesabiwa moja moja. Vyote vitatu vilifutwa ndani ya miaka sita: kioo 1845, tofali 1850, madirisha 1851. Ukitaka kukisia umri wa nyumba ukiwa ng'ambo ya barabara, tazama vioo. Vidogo sita kwa kila fremu vinaelekea kabla ya tarehe hizo. Viwili au kimoja kikubwa vinaelekea baada yake. Kioo kikubwa ni kizito, kwa hiyo maseremala walirefusha miimo ya fremu ya juu ikashuka chini kama vipembe viwili vidogo ili kiungo kisifumuke. Vipembe hivyo ni karibu sahihi ya zama za Victoria, ingawa fremu zilizobadilishwa baadaye huweza kukudanganya.

Wajenzi walikuwa watu wadogo waliokopa. Mwenye ardhi, mara nyingi lodi au taasisi, alitoa kiwanja kwa ukodishaji wa miaka 99. (Msomaji wa Tanzania anaijua hesabu hiyo: 99 ndiyo miaka mingi zaidi ya hati miliki kwetu.) Wakati nyumba inajengwa, kodi ya ardhi ilikuwa ya jina tu, na kwenye mkataba iliandikwa kuwa ni punje ya pilipili manga. Mjenzi akasimamisha nyumba mbili, nne au sita, akauza haki ya ukodishaji kabla kodi halisi haijaanza, akahamia viwanja vinavyofuata. Mtu anayejenga kwa saa inayohesabu hivyo hutia pesa panapoonekana. Mbele kunang'aa, nyuma na kati kunabanwa. Hilo litatuhusu sana tukifika kwenye kuta zinazotuna.

Sheria ya Afya ya Umma ya 1875, na kanuni ndogo za mfano zilizotolewa 1877, ndizo zilizonyoosha mitaa ya miji mingi nje ya London: barabara yenye upana uliopangwa, uwanja wa nyuma, choo cha kila nyumba, na tabaka la kuzuia unyevu kwenye kuta. Nyumba iliyotangulia kanuni hizo inaweza kuwa haina tabaka hilo kabisa.

Tofali la majivu

Tofali la manjano la London lilitengenezwa kwa udongo wa Kent na Essex uliochanganywa na chaki iliyosagwa na majivu ya majumbani yenye chembe za makaa. Mashua za matanga zilipakia tofali Sittingbourne na Faversham zikapanda mto Thames, kisha zikarudi na takataka za jiji, ambazo zilichekechwa na kurudishwa kwenye udongo. Chaki ndiyo iliyolipa tofali rangi ya manjano, kwa sababu chokaa inapokutana na chuma cha udongo motoni hufifisha wekundu. Majivu yalikuwa kuni ndani ya tofali: tofali lilijichoma lenyewe, na vijishimo vyeusi unavyoviona usoni mwake ni mahali chembe za makaa zilipoungulia.

Uchomaji wenyewe haukuhitaji tanuri la kudumu. Matofali mabichi yalipangwa rundo kubwa, kuni katikati, likawashwa na kuachwa kwa wiki kadhaa. Aliyeona tanuri la tofali kijijini Iringa au Mbeya hahitaji kuelezwa zaidi, wala hatashangaa kusikia kwamba ya katikati yaliiva sana, ya pembeni yakatoka laini kama biskuti. Yaliyoiva vizuri yalikwenda mbele ya nyumba. Yale laini yalikwenda kwenye kuta za ndani na nyuma ya zile nzuri, na bado yako huko. Mwaka 1858 Mjerumani Friedrich Hoffmann alisajili tanuri la mzunguko ambalo moto wake hauzimwi, na kuanzia miaka ya 1880 udongo wa kina wa Peterborough ulianza kutoa tofali rahisi kwa wingi uliobebwa na reli.

Ukuta wa inchi 9 unakula takribani tofali 120 kwa mita moja ya mraba. Kwa hesabu hiyo kila senti iliyookolewa kwa tofali moja ilikuwa na uzito.

Chokaa inafanya nini pale katikati

Kiungo cha kawaida ni kama milimita 10, na kwenye uso wa ukuta viungo vyote pamoja vinachukua sehemu isiyopungua moja ya sita. Hiyo ndiyo njia kuu ya kutokea maji. Chaki au jiwe la chokaa huchomwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi, likamwagiwa maji, likachanganywa na mchanga. Ukutani hurudia ujiwe polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa. Jiwe hilo jipya ni laini kuliko tofali, lina matundu madogo mno, na lina tabia ambayo saruji haina: likipata ufa mwembamba, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha ndani ya ufa. Kwa hiyo ukuta wa chokaa unaweza kujipinda kidogo kila msimu bila kuvunja tofali. Kiungo kinakubali kuumia. Baada ya miaka 80 au 100 kimeliwa na mvua kwa sentimita moja au mbili, kinakwanguliwa na kujazwa upya, tofali likiwa zima.

Saruji ya Portland ilisajiliwa na Joseph Aspdin mwaka 1824, lakini katika nyumba za kawaida ilichukua miongo mingi kuisukuma chokaa kando. Katika karne ya 20 fundi alipoitwa kujaza viungo alikuja na saruji, kwa nia njema, maana ni ngumu na inashika siku ileile. Kinachofuata kinaonekana kwenye mamia ya mitaa. Maji yaliyoingia ukutani hayawezi tena kutokea kwenye kiungo, yanatafuta njia kupitia tofali. Yanabeba chumvi, zinakauka usoni mwa tofali na kulisukuma. Baridi ikishuka chini ya sifuri maji hayo yanaganda na kutanuka, na uso wa tofali, ule mgumu uliopata moto zaidi, unabanduka kama ganda la yai. Ukuta ukifika hapo una sura ya ajabu: viungo vya saruji vimesimama kama kuta za sega la nyuki, na matofali yamerudi ndani. Kiungo kimelinusuru umbo lake kwa kumtoa tofali kafara.

Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua hadithi hii kwa jina jingine. Kuta za mawe ya matumbawe zilizoshikwa kwa chokaa, zikipigwa lipu ya saruji, hubaki na unyevu ndani, lipu ikatuna na kudondoka mabapa mabapa. Jiwe si lile, hewa si ile, kosa ni lilelile.

Kujaza viungo upya kunataka subira kuliko nguvu. Kiungo cha zamani kinakwanguliwa kwa kina cha angalau mara mbili ya upana wake, kwa kawaida milimita 25, kwa nyundo na tindo nyembamba. Grainda ni adui: inapokata kiungo cha wima hugusa tofali la juu na la chini, na kingo zikishaliwa kila kiungo kitaonekana kinene maisha yote. Saruji isiyotoka bila kuvunja tofali iachwe. Hali ya hewa itailegeza yenyewe. Vumbi litolewe kwa brashi, ukuta uloweshwe kuanzia juu, na uachwe uwe na unyevu bila maji kuchuruzika. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Tofali kavu hunyonya maji ya mchanganyiko ndani ya dakika chache, na chokaa isiyo na maji haigeuki jiwe. Mwaka mmoja baadaye inatoka kwa ukucha kama unga.

Mchanganyiko unaofaa kuta nyingi za aina hii ni chokaa ya asili inayoganda hata majini, daraja la 3.5, sehemu moja kwa sehemu mbili na nusu hadi tatu za mchanga mkali. Madaraja ni 2, 3.5 na 5, namba ikipanda ugumu unapanda, na tofali laini linataka namba ndogo. Chembe kubwa za mchanga zisizidi theluthi ya upana wa kiungo. Maji yawe machache kiasi kwamba donge likikaa juu ya mwiko uliogeuzwa halidondoki. Linasukumwa ndani kwa mwiko mwembamba usiozidi upana wa kiungo, likibanwa tabaka kwa tabaka, na linaishia sawa na kingo za tofali au nyuma yake kidogo. Likipakwa juu ya kingo linaacha utando mwembamba utakaovunjika baridi ya kwanza. Dole gumba lisipoacha tena alama, kiungo kinapigwapigwa kwa brashi ngumu mpaka chembe za mchanga zitokeze: uso unafunguka ili ukauke, na kiungo kipya kinafanana na cha zamani. Baada ya hapo gunia lenye unyevu linaning'inizwa mbele ya ukuta kwa wiki nzima. Kazi isifanywe chini ya nyuzi 5 wala kwenye kipindi cha baridi kali. Kwa London msimu wa kazi hii ni Aprili hadi Septemba. Ukungu mweupe unaotokea usoni ni dalili kwamba mvua iliiwahi chokaa kabla haijashika.

Kabla hujakwangua chochote mbele ya nyumba, tazama kama kuna mstari mweupe mwembamba, milimita 4 hivi, ulionyooka kama uzi katikati ya kiungo. Huo ni ulaghai wa kupendeza. Kiungo chenyewe kimejazwa chokaa iliyotiwa rangi ya tofali, kikasawazishwa hata usitambue tofali linaishia wapi, kisha juu yake ukalazwa utepe wa chokaa nyeupe laini. Tofali rahisi lenye kingo mbovu likaonekana kama kazi ya tofali za kusugua, zile nyekundu laini zilizokatwa na kusuguliwa hadi viungo vyake vikawa na milimita 1 au 2, ambazo utaziona kwenye matao ya juu ya madirisha. Kuurudisha mstari huo ni kazi ya fundi maalumu na gharama yake ni mara kadhaa ya kujaza kawaida. Ukiung'oa bila kujua, umefuta uso wa nyumba.

Uso wa bei, mgongo wa bure

Turudi kwa mjenzi wetu na saa yake. Tofali nzuri za mbele zilikuwa ghali, na mara nyingi zilitofautiana kidogo kwa kimo na zile mbovu za nyuma, kwa hiyo kozi za mbele na za nyuma hazikukutana usawa. Suluhisho lake lilikuwa kulikata tofali fupi katikati: nusu moja huku, nusu nyingine kule mbele, na kwa macho ya mpita njia ukuta bado ni wa Kiflemishi halali. Kozi zikilingana kwa bahati, kila kozi ya tano au ya sita, ndipo aliweka vichwa vizima. Ndiyo maana nimesema mwanzoni "kwa kawaida". Ukuta wa namna hiyo ni ngozi mbili za nusu tofali zilizoegemeana, na ngozi ya nje inaweza kuachana na ya ndani na kutuna kuelekea barabarani.

Kuna udhaifu mwingine karibu na huo. Boriti za sakafu zikilazwa kutoka ukuta wa jirani hadi ukuta wa jirani, haziugusi ukuta wa mbele. Umeshikwa pembeni tu, na mara nyingine hata hapo haukufungwa vizuri kwa sababu uso ulijengwa na kikosi kingine siku nyingine. Vile vyuma vya duara, vya herufi S au X unavyoviona kwenye kuta za zamani ni vishikio vya fimbo za chuma zilizopitishwa ndani ya nyumba ili kuuvuta ukuta usiendelee kwenda. Kimoja chenye kutu hakimaanishi hatari. Kinaonyesha tu kwamba tatizo lilionekana na likajibiwa. Ukuta ukitiliwa shaka, uning'inizie timazi kutoka ghorofa ya juu, pima umbali kila nusu mita, andika, rudia baada ya miezi sita. Kinachotisha ni mwendo. Mtuno uliotulia tangu enzi za babu ni umbo tu.

Nyufa nazo zinasomwa hivyohivyo. Msingi ni kozi chache za tofali zinazopanuka kuelekea chini, mara nyingi zisizofika hata nusu mita, na London imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi unaosinyaa kiangazi na kuvimba masika. Ukame wa 1976 ulifungua nyufa nyingi kiasi kwamba neno la kuzama kwa msingi likawa la kila siku kwa kampuni za bima. Ufa chini ya milimita 5 kwa kawaida ni kazi ya kujaza na kupaka rangi. Kati ya 5 na 15 unataka mhandisi. Kabla ya kuchimba na kuongeza zege chini ya msingi, angalia bomba la maji machafu lililovunjika na miti: mwaloni, mpopla na mwerebi vinakunywa sana. Ila usikate mti mkubwa ghafla, kwa sababu udongo ulioachwa na mizizi utanyonya maji na kuvimba, na nyumba itainuliwa.

Chini ya sakafu

Sakafu ya chini ya vyumba vya mbele ni mbao juu ya boriti, na boriti zimekaa juu ya vijikuta vilivyojengwa kwa kuacha mianya kati ya matofali. Hewa inaingia kwa tofali za matundu mbele, inapita gizani chini ya miguu ya watu, inatoka nyuma. Mfumo mzima ni huo, na unauawa kirahisi. Maua yanapandwa mbele ya matundu. Mtu anayaziba kwa sababu miguu inapata baridi. Jiko la nyuma linamwagiwa zege na njia ya kutokea hewa inafungwa. Mwongozo wa sasa ni uwazi wa milimita za mraba 1,500 kwa kila mita ya ukuta, na zege la nyuma likiwa lazima, mabomba ya milimita 100 hulazwa ndani yake kupeleka hewa nje.

Mbao ikipita asilimia 20 ya unyevu, kuvu iitwayo Serpula lacrymans inaweza kuota. Harufu yake ni ya uyoga, vumbi lake ni jekundu kama kutu, na mbao iliyoliwa hupasuka vipande vya mraba kama mkate uliokauka. Nyuzi zake hupenya chokaa ya ukuta kutafuta mbao nyingine, ndiyo maana watu huiogopa kupita kiasi na kuuziwa madumu ya dawa. Haiishi bila unyevu. Chanzo cha maji kikizibwa na hewa ikirudishwa, inakufa. Kinachobaki ni kukata mbao zilizoharibika na ziada kidogo.

Tabaka la kuzuia unyevu, kama lipo, ni kozi mbili za sleti, yaani mabamba membamba ya jiwe, au utepe wa lami, na ardhi ya nje inatakiwa iwe chini yake kwa milimita 150. Pima hapo kabla ya kumsikiliza yeyote mwenye mashine. Kila aliyeweka sakafu mpya ya uwanja aliiweka juu ya ile ya zamani, na baada ya karne moja ardhi imelifikia tabaka au kulipita. Vipima unyevu vya mkononi hupima jinsi umeme unavyopita, na chumvi iliyobaki kwenye lipu inapitisha umeme vizuri hata ukuta ukiwa mkavu. Hapo ndipo unauziwa sindano za kemikali kwenye ukuta, kisha lipu ya chokaa inabanduliwa hadi kimo cha mita moja na kupigwa ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Doa linapotea. Baada ya miaka michache linatokea juu ya ile mita moja, kwa sababu maji yamepandishwa tu ghorofa.

Juu: moshi, sleti, kamba

Kila chumba kilikuwa na moto wake, na kila moto dohani yake iliyopanda ndani ya ukuta wa ubia, ule unaotenganisha nyumba na ya jirani. Ndani dohani ilipakwa chokaa iliyochanganywa na mavi ya ng'ombe. Moto ulivuta hewa ya chumba usiku na mchana, na unyevu ukaondoka nayo. Baada ya moshi mzito ulioifunika London Desemba 1952 na Sheria ya Hewa Safi ya 1956, watu wakahamia gesi na umeme na kuziba meko kwa ubao. Familia inayooga, kupika na kufua ndani hutoa lita 10 hivi za mvuke kwa siku. Mvuke huo sasa unaishia kwenye pembe za baridi na kuota ukungu. Dohani isiyotumika inataka tundu lenye wavu chini na kofia juu. Hatari zaidi ni pale kifua cha dohani kilipobomolewa chumbani kupata nafasi huku mnara wa juu ya paa ukiachwa: tani ya tofali au zaidi imekaa darini juu ya vipande vya mbao. Kapande darini na tochi.

Sleti za Wales zilifika kwa reli, zikiwa na majina ya daraja za mabibi wakubwa: ya inchi 24 kwa 12 ni "mke wa duki", ya 20 kwa 10 ni "mke wa erli", ya 16 kwa 8 ni "bibi" wa kawaida. Sleti huishi kuliko misumari yake. Zikianza kuteleza kumi kwa mwaka, misumari imeliwa na kutu. Mapaa mengi yalibadilishwa kuwa ya vigae vya zege, vyenye uzito karibu mara mbili, bila kuimarisha kenchi, na mgongo wa paa ukalegea kama wa punda mzee.

Dirisha la kupandisha linaning'inia kwa kamba na uzani wa chuma uliofichwa ndani ya sanduku. Uzani wa fremu ya juu huwa mzito kidogo kuliko fremu yenyewe ili isishuke, wa fremu ya chini mwepesi kidogo ili isipande. Ukibadilisha kioo kwa kizito zaidi, uzani nao ubadilishwe. Dirisha lililogoma kwa kawaida limegandishwa na rangi. Kata mshono kwa kisu. Rangi za zamani zina risasi, kwa hiyo usisugue kavu.

Wanaotaka kupunguza bili ya joto wanakuta kwamba hesabu rasmi kwa miaka mingi iliudhania ukuta huu kuwa unapoteza wati 2.1 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje, ilhali vipimo vya ukutani vimeonyesha kuta nyingi zina hali nzuri kuliko hapo. Lakini hesabu yoyote huharibika ukuta ukiwa umelowa, kwa sababu tofali lililolowa linapitisha joto haraka. Ukiweka kinga ya joto kwa ndani, chagua bao za nyuzi za mbao na lipu ya chokaa, na usiwe mnene kupita kiasi. Ukuta ulionyimwa joto la chumba unabaki baridi na bichi, na ncha za boriti zilizozikwa ndani yake ndizo zitakazooza kwanza.

Kabla ya yote hayo, toka nje na mwavuli siku mvua inanyesha sana, utazame mifereji ya paa kwa dakika kumi. Mfereji wa chuma uliopasuka unaweza kulowesha ukuta wa ghorofa mbili kwa miaka bila mtu kuugundua. Ukishautengeneza, ukuta haukauki kesho: mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Hiyo ni miezi tisa. Lipu na rangi zisubiri hadi hapo.